Upande wa Saba

Neno la kwanza ambalo Kemirembe alimwambia Protase halikuwa salamu. Lilikuwa lawama.

Ilikuwa Jumanne, naye alikuwa ameingia dukani kwa Mzee Ramadhani, pale Kihanga, kununua mafuta ya taa. Chupa yake ilikuwa bado mkononi mwa Mzee Ramadhani, mara akasikia fidla. Si fidla moja, bali kundi zima, zikipanda kwa pamoja kama senene walioshtuliwa nyasini. Moyo ukamruka. Muziki ule aliujua kama alivyoujua mlango wa kwao. Kwa miaka kumi na miwili aliamini kwamba katika Karagwe yote, kutoka Ihembe hadi Nyakasimbi, hakuna mtu mwingine mwenye simfoni ile.

Kwenye kona ya duka, kijana mrefu aliyevaa kaptura ya kaki, mwenye kovu juu ya jicho la kushoto, alikuwa ameinamia gramafoni yake akijaribu sindano mpya.

"Unaikimbiza," Kemirembe alisema.

Kijana akainua kichwa. "Samahani, dada?"

"Hiyo simfoni. Unaikimbiza. Haipigwi hivyo."

Yule kijana hakucheka. Angecheka, pengine mambo yote yangeishia pale pale. Aliunyanyua mkono wa gramafoni polepole, akamtazama Kemirembe kama mtu aliyekutana njiani na ndugu aliyeambiwa kwamba amekufa zamani.

"Unaijua?" akauliza.

"Ninayo."

"Unayo! Hapa Kihanga?"

"Nyumbani, chini ya kitanda changu; huipiga kwa gramafoni ya misheni. Na yangu haikimbii. Yangu inakwenda kama watu wenye heshima zao."

"Basi yako inasinzia, dada. Hii yangu ndiyo iliyo macho."

Wakaanza kubishana, na ubishi wenyewe ulikuwa mtamu hivi kwamba Mzee Ramadhani alisahau kumimina mafuta. Bi Mwanahalima, mkewe, mama mnene wa kutoka Pangani, alitoka ndani na mwiko mkononi kuona kuna nini. Alipoelezwa kwamba watu wawili wazima wanagombania mwendo wa muziki wa Mjerumani aliyekufa karne iliyopita, aliweka mkono kiunoni.

"Jumamosi saa nane," alisema. "Leteni hizo santuri zenu zote hapa uani kwangu. Gramafoni ya pili ipo, hii ya kuuza. Zitapigwa mbele yangu, nami nitasikia nani mwongo. Ugomvi wa namna hii sijapata kuuona tangu nilipoiacha pwani."

Hivyo ndivyo Kemirembe, mwalimu wa shule ya misheni ya Kilutheri, binti wa mwinjilisti Egbert Kahigi, alivyopanga miadi na mwanamume ambaye hata jina lake alikuwa bado hajaliuliza. Aliambiwa na Bi Mwanahalima baadaye. Aliitwa Protase. Mkaguzi wa kahawa, Mhaya wa Kamachumu, amehamia Ihembe miezi miwili tu. Mkatoliki.

Neno hilo la mwisho Bi Mwanahalima alilisema kwa sauti ya chini.

Siku tatu zilizofuata Kemirembe hakuwa mtu wa kutegemewa. Darasani aliandika ubaoni kwamba saba mara nane ni arobaini na nane, na watoto wakanakili bila kuuliza. Chakula hakikupita. Akifumba macho aliliona lile kovu na yale macho yaliyosema "Unaijua?".

Alhamisi alasiri, akiwa na mama yake wakigeuza kahawa kwenye mikeka, mama alisema bila kumtazama, "Watu wa Rwegasira wa Nyakasimbi wanakuja Jumapili ya wiki ijayo. Kuposa, na pombe ya rubisi. Baba yako amewapa ruhusa ya kuja."

"Rwegasira yupi?"

"Yule mwenye ng'ombe. Mtoto wake ni mzee wa kanisa tayari, na bado kijana. Ametulia."

"Mama, mimi sijawahi kuzungumza naye hata neno moja."

"Utazungumza naye miaka arobaini, mwanangu. Haraka ya nini?" Mama yake, Kokubanza, alisema hivyo kwa upole, na upole wenyewe ndio uliomtia Kemirembe hofu. Hapakuwa na kitu cha kupigana nacho.

Jumamosi ikafika. Kemirembe alilifunga sanduku lake la santuri kwa kitenge, akajitwika, akatembea hadi dukani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kuzima moto. Alimkuta Protase amekwisha fika. Baiskeli yake ilikuwa imeegemezwa ukutani, gramafoni yake ndogo ya sanduku ikiwa juu ya gunia la kahawa, imefunguliwa. Amenyoa, amevaa shati jeupe. Alipomwona, alisimama upesi mno akaangusha kiti.

"Mwalimu Kemirembe."

"Bwana Protase."

Bi Mwanahalima akawapa chai ya tangawizi, akaketi kwenye mkeka wake karibu nao kabisa. "Haya," alisema. "Mpigane."

Kemirembe alianza na lile lililomkaa rohoni. "Kwanza tuikague mashine yako. Nasema springi yake inakwenda mbio."

"Nilijua utasema hivyo." Protase alichomoa saa mfukoni, akachana kipande cha karatasi, akakichomeka chini ya ukingo wa santuri kikatokeza kama ulimi. "Santuri hizi zinatakiwa kuzunguka mara sabini na nane kwa dakika moja. Kila karatasi inapopita mbele yako, hesabu. Mimi nitaangalia saa."

Kemirembe akapiga magoti mbele ya gramafoni, akahesabu kwa sauti. Karatasi ikapita, ikapita, na kila ilipopita aliuona mkono wa Protase ukiishika ile saa karibu na shavu lake, na alilazimika kung'ang'ania namba zake zisipotee.

"...sabini na sita, sabini na saba, sabini na nane!"

"Dakika moja," alisema Protase. "Kamili."

Wakahesabu na ile ya duka. Sabini na nane pia. Kemirembe aliketi kwenye visigino vyake, akamtazama kijana yule kwa namna mpya.

"Basi si mashine," alisema polepole. "Ni wapigaji wenyewe."

"Ni wapigaji wenyewe! Okestra mbili, viongozi wawili, kitabu kimoja cha noti. Mwalimu, huoni ajabu yake? Kila mmoja amesoma alama zile zile, na kila mmoja amesikia kitu chake."

Wakaanza. Santuri ya Kemirembe upande wa kwanza, kisha ya Protase upande wa kwanza. Ya Kemirembe ilikuwa ya zamani, imerekodiwa kabla hajazaliwa, ikikwaruza kama mvua juu ya bati, na fidla zake zilisikika kwa mbali, kama watu waimbao ng'ambo ya bonde. Ya Protase ilikuwa safi. Ndani yake alizisikia pembe ambazo hakuwahi kujua kama zipo.

"Rudisha!" alipaza sauti. "Hapo! Pembe hizo zimetoka wapi?"

"Kwako pia zipo. Zimefunikwa. Weka tena yako."

Akaiweka tena. Wote wawili wakainamisha vichwa juu ya gramafoni, karibu kugusana, na ndani kabisa ya mikwaruzo, chini ya fidla, pembe zikasikika. Zilikuwepo siku zote. Kemirembe akampiga Protase begani kwa furaha kabla hajajua anafanya nini. Bi Mwanahalima akakohoa.

Sehemu ya pili ndiyo ya polepole, na hapo Kemirembe alikuwa na uhakika wa kushinda. "Sikiliza hapa," alisema. "Fidla nene inaimba peke yake, inashuka, inashuka, halafu wote wananyamaza. Umesikia? Kiongozi wa kwangu anangoja. Anaacha mpaka moyo unakuuma. Ndipo wimbo unarudi. Sasa weka wako."

Protase akaweka wake. Fidla nene ikashuka, na wimbo ukarudi hapo hapo bila pumzi.

"Umeona? Wako hajui kungoja!"

Protase alibadilisha sindano, ingawa ile ya mwanzo ilikuwa bado nzima.

"Nilikuwa Seloni mwaka arobaini na nne," alisema mwishowe. "Hospitali ya jeshi. Nilitoka vitani Bama na kipande cha chuma hapa." Akagusa kovu. "Nilifungwa macho yote wiki sita. Kulikuwa na muuguzi aliyetupigia santuri alasiri. Jirani yangu wa kitanda alikuwa mtu wa Ihembe, aliitwa Cassian. Hatukuona chochote sisi wawili, tulikuwa tukisikia tu. Tulisikia hii. Cassian alipenda hapo, hapo hapo unapopasema. Alikuwa akiniambia, 'Protase, ikirudi nibonyeze mkono, maana nasinzia.' Siku moja ikarudi, nikambonyeza. Mkono ulikuwa umepoa."

Bi Mwanahalima alisema "Inna lillahi" taratibu.

"Kwa hiyo mimi," Protase aliendelea, "nikiisikia ikingoja hivyo, sipati raha. Nataka irudi. Nataka irudi upesi. Nilipoomba uhamisho kuja Ihembe, nilitaka kumwona mama yake. Nimemwona. Basi."

Kemirembe alitamani kuushika ule mkono. Hakuushika. Lakini alimtazama, na Protase akamtazama, na katika kutazamana huko ubishi wa siku nne uliisha bila mtu kushindwa.

"Basi hapo wako yuko sawa," alisema Kemirembe kwa sauti ndogo. "Kwako wewe yuko sawa."

"Na kwako wako yuko sawa."

Sehemu ya tatu wakaisikiliza bila kubishana, ya huyu kisha ya huyu. Watu wa sokoni walikuwa wameanza kujaa mlangoni. Sindano ilipofika mwisho wa santuri ya tatu, Protase alisugua viganja. "Sasa mwisho! Toa ya nne, Mwalimu. Safari hii pia uanze wewe."

Kemirembe hakusogea.

"Mwalimu?"

"Sina ya nne," alisema. Uso ulimwaka moto. "Nina tatu tu. Sista Hedwig ndiye aliyeniachia, yule muuguzi Mjerumani wa misheni yetu. Siku alipochukuliwa kwa ajili ya vita, sanduku lilianguka ngazini, na ya nne ikavunjika. Nilikuwa na miaka kumi. Nilikuwa nimekwisha kusikia zile tatu tu, kwa sababu aliniambia ya nne tutasikiliza Jumapili. Ile Jumapili haikuja."

"Unataka kusema..." Protase alisimama. "Unataka kusema hujui inavyoisha?"

"Sijui. Nimeitungia mwisho mimi mwenyewe kwenye kinanda cha kanisa. Mara ishirini. Mara mia. Lakini sijui."

"Na Jumanne ukaniambia naikimbiza!"

"Ulikuwa unaikimbiza!"

Wakacheka wote wawili, Kemirembe akicheka na machozi yakimtoka. Protase akaichukua santuri yake ya nne kwa mikono miwili kama mtu anayebeba mtoto mchanga. "Basi kaa. Kaa hapa. Upande wa saba, kisha wa nane. Usiseme neno."

Ndipo umati wa mlangoni ulipogawanyika.

Mwinjilisti Egbert Kahigi aliingia uani na kanzu yake nyeupe, koti jeusi juu yake, mwavuli mkononi. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alitazama gramafoni mbili, akatazama gunia, akamtazama bintiye aliyepiga magoti chini, kisha yule kijana.

"Shikamoo, Taata," alisema Kemirembe.

"Marahaba. Inuka twende."

"Karibu, mwinjilisti," alisema Bi Mwanahalima. "Hapana ubaya hapa, mimi nipo."

"Ahsante, mama. Sikusema pana ubaya. Nimeambiwa njiani na watu watatu kwamba binti yangu yuko uani mwa duka na Mkatoliki wa Kamachumu, siku nane kabla ya wageni wa Nyakasimbi. Nimekuja kumchukua."

Protase alikuwa amesimama wima, santuri kifuani. "Shikamoo, mzee. Naitwa Protase. Nimekuja kusikiliza naye santuri, kosa si lake."

"Marahaba." Mzee akamgeukia bintiye. "Kemirembe."

Kemirembe aliinuka. Maisha yake yote baba yake aliposema "inuka" aliinuka, na aliposema "twende" alikwenda. Leo alikuwa ametimiza la kwanza. La pili liligoma.

"Taata, nitakwenda," alisema. "Lakini kuna upande wa saba na wa nane. Ni dakika nane. Nimezingoja miaka kumi na miwili. Nakuomba ukae nami tuzisikilize, kisha nitatoka hapa na wewe, na nitajibu lolote utakaloniuliza."

Mzee Egbert alitazama jua, akatazama mwavuli wake.

"Dakika nane," alisema. "Nitasimama."

Protase akazungusha mkono wa gramafoni, akashusha sindano.

Ikaanza kwa kunong'ona. Fidla zilikwenda chini chini, kama watu wanaopita migombani wasitake kusikika, na Kemirembe akaushika mdomo wake. Kisha pembe zikaita, na jibu likatoka kwa okestra nzima, na ua wote wa Mzee Ramadhani ukajaa sauti. Katika ile miisho mia aliyoitunga, hakuna hata mmoja uliothubutu namna hii! Yeye alitunga miisho ya huzuni, ya watu wanaoagana. Huu ulikuwa unapanda. Ulipanda, ukakatizwa na upande kwisha, na Protase akaigeuza santuri. Mtu mlangoni akasema, "Upesi, bwana!"

Upande wa nane ukashika pale pale. Wimbo wa ile sehemu ya polepole ukarudi, wimbo ule wa Cassian, lakini sasa umevaa tarumbeta na ngoma, unakimbia, unashangilia, na Kemirembe akasimama bila kujua kwamba amesimama. Aligeuka kumtazama Protase. Protase alikuwa anamtazama yeye. Hakuwa akiisikiliza santuri kabisa. Ngoma zikapiga, zikapiga, zikapiga, na ikaisha.

Umati ukapiga makofi. Bi Mwanahalima alikuwa anapepea uso kwa ncha ya khanga. "Wallahi, Mjerumani huyu!"

"Umeionaje?" Protase aliuliza.

Kemirembe alifuta macho. "Wamekimbia. Hata mwisho wamekimbia."

"Umejuaje, na hujawahi kuusikia?"

"Wamekimbia," ilisema sauti nyingine.

Wote wakageuka. Mzee Egbert alikuwa ameketi juu ya gunia la kahawa. Hakuna aliyemwona akiketi. Mwavuli ulikuwa chini.

"Sista Hedwig alikuwa akiipiga Jumapili alasiri, barazani kwake," alisema, akitazama gramafoni. "Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa kutunza bustani yake, nikisoma ukatekumeni ili nibatizwe. Nilikuwa naipunguzia palizi mwendo ili niisikie mpaka mwisho. Ilikwenda pole zaidi ya hivi. Binti yangu anasema kweli."

"Taata!" Kemirembe alishika kichwa. "Ulikuwa unaujua mwisho miaka yote hii?"

"Hukuniuliza, mwanangu."

Kisha mzee akamtazama Protase, macho makali. "Wewe kijana. Una nini na binti yangu?"

"Mzee, tangu Jumanne sijalala vizuri. Hicho ndicho nilicho nacho. Nilitaka kuja kwako na watu wangu kwa heshima, si kukutwa hivi."

"Utaacha Ukatoliki wako?"

Kemirembe aliusikia moyo wake ukisimama. Neno moja tu lilihitajika. Aliliona likipita usoni kwa Protase, na akaliona likikataliwa.

"Siwezi kukuahidi, mzee. Nikikuahidi leo kwa sababu ya kumtaka binti yako, nitakuwa nimekudanganya wewe na Mungu pia. Nitakaa nawe tulizungumze, mwaka mzima ukitaka. Ila siwezi kusema uongo."

Mzee Egbert alitikisa kichwa, si kwa kukubali wala kukataa. Aliinuka, akaokota mwavuli.

"Taata," alisema Kemirembe, "nilikuahidi jibu, na sikungoji uniulize. Sitaolewa Nyakasimbi. Hata kama huyu asingekuwepo. Nisamehe."

Baba yake alilifunga sanduku la santuri kwa kile kitenge, akalichukua mwenyewe, akatoka. Kemirembe akamfuata. Hakupata nafasi ya kuagana na Protase ila kwa macho.

Walitembea, migomba huku na huku, hadi kwenye kijito. Hapo mzee akasimama kubadilisha bega.

"Kesho baada ya ibada nitakwenda Nyakasimbi," alisema. "Afadhali Rwegasira alisikie kwangu kabla hajakamua ndizi za rubisi. Atakasirika. Ni haki yake."

"Taata..."

"Mama yako naye atakasirika. Huyo utamkabili wewe." Akavuka jiwe la kwanza, akageuka. "Na yule kijana. Jumatano. Aje na mtu mzima wa kwao, aje mchana kweupe, apite mlango wa mbele. Sijasema ndiyo, Kemirembe. Nimesema aje."

Kemirembe alivua viatu, akageuka nyuma.

"Sasa unakwenda wapi?"

"Kumwambia, Taata!"

"Jumatano bado mbali!"

Lakini alikwisha kuondoka, viatu mkononi, akikimbia mbele ya wanawake waliokuwa wakirudi sokoni na vikapu, asimwamkie hata mmoja. Alimkuta Protase mbele ya duka, akiikaza kamba ya gramafoni kwenye baiskeli kwa huzuni ya mtu aliyepoteza kila kitu. Protase akamwona akija mbio, kamba ikamponyoka.

"Jumatano," alisema Kemirembe, akihema. "Na mtu mzima wa kwenu. Mchana."

"Amekubali?"

"Hajakubali. Amesema uje."

"Na habari ya dini?"

"Sijui."

"Hata mimi sijui," alisema Protase. Akaanza kucheka, na Kemirembe akacheka naye. Kisha Kemirembe akauchukua mkono wake, mbele ya duka na mbele ya soko lote, akaushika. Ulikuwa wa moto.

Bi Mwanahalima alichungulia dirishani, akawaona, akalirudisha pazia.

"Ramadhani," alimwita mumewe, "hebu sogea huku ndani. Huko nje hakuna mteja."